Mlango Nilioufungua Mimi

Barua ya tuzo ilifika Jumatatu, na tangu Jumatatu hiyo sikukaa kitini. Nilizunguka ndani ya duka letu la uchapaji mpaka Mussa, fundi wangu wa mashine, akaniambia, "Dada Tunu, kaa basi. Unanichosha mimi niliyesimama."

Ndivyo nilivyo. Habari mbaya hunilaza, habari njema hunitembeza.

Tembe Tatu ni nyumba ndogo ya vitabu hapa Tabora mjini: mimi, Mussa na mashine mbili zenye umri mkubwa kuliko Mussa. Asubuhi tunachapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, mchana tunachapa kazi za waandishi wetu. Hata hivyo tumeshinda. Hadithi za watoto za Consolatha, mkunga wa Lusu, zilipata tuzo. Mwaka uliofuata mashairi ya Fikiri, mshona viatu wa sokoni, yakapata. Majirani waliuliza kama tumepewa gari. Tulipewa vyeti, nikavitundika ukutani, na kwa miezi kadhaa kila mteja wa kadi za harusi alilazimika kusomewa.

Safari hii ilikuwa zamu ya Wilbroad, mwalimu wa historia wa Urambo, na riwaya yake Pembe na Chumvi. Tuzo yenyewe ilikuwa kubwa kuliko zile mbili ukizijumlisha. Jumamosi tulitakiwa Dar es Salaam.

Riwaya inamhusu mpagazi anayeondoka Unyanyembe na msafara kwenda pwani. Anapotea miaka minane, huku nyuma wameshamlilia na kuanua matanga. Ukurasa wa mwisho anarudi, anabisha hodi kwake. Mkewe anatoka, anamtazama, hamkaribishi. Anamletea maji ya kunawa kama anavyoletewa mgeni, kisha anamuuliza jina lake. Halafu inakuja sentensi ya mwisho: "Hakusubiri jibu, akamfungulia mlango." Waamuzi waliusifu ukurasa huo kuliko kurasa zote. Waliandika kwamba huyo ni mwanamke anayesamehe bila kudai neno, na kwamba ukurasa wenyewe ungesomwa redioni siku ya sherehe.

Jumanne saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa Dafrosa, mchambuzi wa tumbaku wa Usoke.

"Mama Vitabu, njoo. Usitume mtu." Akakata.

Hapa lazima nieleze tunavyohariri, maana kosa lilianzia huko. Sina pesa za kuajiri wahariri watatu. Nina akina mama wa Usoke. Kila msimu wa kuchambua tumbaku naenda kwenye banda lao, nakaa juu ya gunia na kuwasomea mswada wakati wao wanapanga majani kwa rangi na daraja. Mikono yao ina kazi, masikio yao hayana. Wakianza kuzungumzia bei ya dagaa, najua sura hiyo imekufa, naikata. Wakipinga, naandika pembeni wanachosema. Majina yao siyaandiki, walinikataza tangu mwaka wa kwanza. Vitabu vyetu vyote vilivyoshinda vimepita katika banda hilo, na sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nilipenda waamuzi wadhani ni akili yangu.

Mwaka juzi niliwasomea mwisho alioandika Wilbroad, ambamo mke anaanguka kifuani mwa mumewe akilia. Dafrosa akasema bila kuinua uso, "Hapana. Hakulia. Alimletea maji, akamuuliza jina lake." Wenzake wakaacha kupanga majani, wakatazamana. Niliandika haraka, mwili ukinisisimka. Nilimpelekea Wilbroad, naye akaandika upya. Ila nilipousoma tena ofisini, nikaona umeishia hewani. Shule zingeununua vipi mwisho kama huo? Nikaongeza ile sentensi ya mlango kwa mkono wangu.

Basi, nikapanda gari la Urambo, nikashuka Usoke saa nane.

"Mwangaluka, Mama Vitabu!" akina mama waliniamkia kwa Kinyamwezi kutoka bandani, salamu ya asubuhi mchana ule. Dafrosa hakunisalimu. Alijifuta mikono kwenye kitenge na kuniongoza mpaka kwake, nyumba ya matofali nyuma ya kigango. Tulisimama mbali kidogo, chini ya uzio wa minyaa.

"Shikamoo, dada Dafrosa," nilimwambia, maana ananizidi miaka sita.

"Marahaba. Tazama barazani pangu. Unaona nini?"

Niliona godoro jembamba limeegemezwa ukutani, kando ya mlango. Mwanamume mwenye mvi alikuwa ameketi juu ya ngazi akiziba pancha ya baiskeli. Nilimjua kwa sura: Masolwa, mumewe.

"Huyo aliniacha na watoto wanne," Dafrosa alisema. "Mwaka wa pili tukaletewa habari kwamba kifusi cha machimbo kimemfukia. Tukaweka matanga, padri akasoma misa. Mwaka wa tisa akaja kubisha hodi, mzima, kanenepa. Nikamletea maji. Nikamuuliza jina lake."

Miaka miwili nilikuwa nikijivunia ukurasa ule kama hadithi tamu ya kutunga.

"Akasemaje?"

"Akacheka! Alidhani namtania. Nikamwambia akalale kibanda cha uani mpaka atakaponijibu. Miaka kumi na moja sasa analala huko. Anakula kwangu, anatengeneza baiskeli za watu, hajanijibu na hajasema alikuwa wapi. Banda zima linajua. Wewe tu ndiye hukujua, kwa kuwa ulikuwa mbioni kuandika."

"Kwa hiyo hukutaka niyaandike."

"Ningekuwa sitaki, ningesema mbele yako?" Sasa alikuwa amekasirika waziwazi. "Nilichokisema kiache. Ulichoongeza ndicho nakuuliza. Mimi sisomi vizuri, nilidhani mmeandika kama nilivyosema. Huyu kaazima kile kitabu ulichotuachia bandani, kasoma mpaka mwisho. Juzi akaja mlangoni na godoro. Ananiambia, 'Mbona kitabuni umenifungulia?' Anadhani nimemtumia ujumbe! Na Jumamosi mtatangaza redioni, Usoke nzima isikie kwamba nimesamehe. Nikiendelea kufunga, nitaonekana mimi ndiye mbaya. Mlango huo ni wangu, Tunu. Nani alikutuma uufungue?"

Hakuwahi kuniita Tunu.

Nilirudi Tabora nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilijaribu kujitetea njia nzima. Ni riwaya, nilijiambia, mpagazi si Masolwa, karne yenyewe si hii. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililonituliza. Nilijua pia sharti la tuzo: kazi iliyoshinda isibadilishwe hata nukta kabla ya sherehe, atakayebadilisha amejitoa. Na dukani Mussa alikuwa tayari anachapa toleo lenye nembo ya ushindi kwenye jalada.

Nilimpigia Wilbroad kwanza, kwa kuwa tuzo ilikuwa yake kuliko yangu. Nilimweleza yote nikitembea kutoka mashine hadi mlangoni, mlangoni hadi mashine.

"Mama," alisema, "sentensi ile sikuipenda tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Wachapishaji watano walikuwa wamenikataa. Wewe ulinikubali. Ningeanzaje kubishana nawe?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimejisifu maisha yangu yote kwamba nyumba yangu inawasikiliza watu.

"Tukiifuta, tuzo inaondoka," nilimwambia.

"Najua. Na suti nimeshashonesha." Akapumua. "Nitaivaa Krismasi. Futa."

Katibu wa tuzo, mwanamke mwenye sauti ya upole, alinisikiliza kwa uvumilivu nilipompigia. Aliniuliza kama siwezi kusubiri hadi Jumatatu, sherehe ikishapita, ndipo nibadilishe ninavyotaka. Lilikuwa shauri la busara na nusura nikubali. Nakiri, nilitamani sana kukubali. Nilikuwa nimeshaliambia soko zima.

"Jumatatu mtakuwa mmeshaisoma redioni," nikamjibu.

"Basi, mama, andishi walilolipenda waamuzi halipo tena."

"Halipo," nikasema. Alinitakia heri na tuzo ikaenda kwa kitabu kilichoshika nafasi ya pili. Mussa alizima mashine bila kuambiwa. Tulichana majalada yenye nembo mpaka magharibi, na hakunitania hata mara moja, jambo lililoniumiza zaidi.

Jumamosi, saa ambayo ningekuwa Dar es Salaam nikipigwa picha, nilikuwa nimekaa juu ya gunia Usoke. Dafrosa ndiye aliyetaka nije. "Uliposomea ya uongo, hapohapo usomee ya kweli," aliniambia kwa simu. Nilikuwa na nakala moja mpya, gundi yake bado inanuka. Akina mama walichambua, mimi nikasoma sura ya mwisho.

Masolwa alikuja nilipokuwa katikati ya ukurasa. Alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, mafuta ya cheni kwenye vidole. Sikujua kama niendelee. Nilimtazama Dafrosa, naye akanionyesha kitabu kwa kidevu: soma.

Nikasoma. Mpagazi akabisha hodi. Mkewe akatoka na maji. Mpagazi akanawa. "Akamuuliza jina lake," nikamaliza, nikafunga kitabu.

"Endelea," Masolwa alisema.

"Imeishia hapo, kaka."

"Kuna sentensi nyingine. Nimeisoma mimi."

"Hiyo niliiweka mimi. Haikuwa yangu. Nimeitoa."

Alinikodolea macho, halafu akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa akifunga fungu la majani na kulikaza kama kawaida. Kofia ikaanza kuzunguka vidoleni mwa Masolwa. Kisha alivuka kizingiti, akachuchumaa mbele ya gunia la Dafrosa, mzee mzima, magoti yakilia.

"Naitwa Masolwa," alisema. Aliweka kofia chini, akaanza upya. "Naitwa Masolwa. Nilioa hapa."

Dafrosa aliweka fungu chini. Alimtazama kama mtu anayepima daraja la jani.

"Haya, Masolwa," alisema. "Umetokea wapi?"

Nikaona mdomo wa Masolwa unafunguka. Hadithi aliyoificha miaka kumi na moja ilikuwa nyuma ya meno yale, na kalamu yangu ilikuwa mkononi. Nilichukua mkoba wangu, nikaitia kalamu ndani, nikawapungia akina mama wengine watoke nami nje, na wakanisindikiza stendi kusubiri basi langu.