Amani ya Dokta Clemens

Chini ya bandeji, uvimbe shingoni mwa Wilibrodi ulikuwa unadunda. Wanajumuiya waliojazana sebuleni kwake, Chanji, walisali rozari wakiukwepa kwa macho. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake. Dokta Clemens, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, alikalishwa kwenye kochi.

Ndiye aliyemfanyia operesheni ya pingili za shingo, Wilibrodi alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa mahindi. Ndiye pia aliyemtoboa mshipa wa damu. Nesi Modesta alimnong'oneza Coleta, mke wa mgonjwa, kwamba mshipa huo huwekewa kijibomba cha wavu wa chuma kwa ndani, stenti, huko Dar es Salaam. Bila hicho ungepasuka wakati wowote. Na rufaa ya kwenda huko, ni Clemens peke yake aliyeweza kuiandika.

"Mama Yohanes," Clemens alimwambia Coleta rozari ilipoisha, "nasikia unanitangaza sokoni. Huo uvimbe ni presha tu. Tupeane amani hapa, Jumatatu nitaandika rufaa."

"Rufaa ya nini, dokta?"

"Ya presha. Kliniki ya hapa hapa mjini."

Jumuiya ile haikufunga sala kukiwa na waliokosana. Wote walisimama, wakisubiri mikono ikutane.

Coleta aliushika ule mkono laini, akauburuta hadi shingoni kwa mumewe.

"Kama ni presha, bonyeza! Mbele ya hawa wote."

Vidole vilijikunja juu ya bandeji, visibonyeze. Jasho lilimtoka daktari. Coleta aliona raha, raha tupu, na alitamani autwange mkono ule kwenye kinu.

"Si ndivyo vidole vilivyotoboa? Mbona leo vinaogopa?"

Clemens alijinasua, akatoka bila kuaga. Gari likanguruma kuelekea kwake, Malangali.

Coleta aliwageukia wenzake. Walikuwa wameona. Bibi Rozina, katibu wa jumuiya, ndiye aliyesema.

"Mwanangu, umetuaibisha. Mkubwa hafanyiwi hivyo. Nenda ukamwombe radhi, na usiende mikono mitupu."

Akina mama walishatoka kwenda uani kumkimbiza tetea wa Coleta. Walimfunga miguu kwa kamba ya katani, wakamkabidhi Coleta.

"Wahi, kabla hajakaa mezani."

Wilibrodi hakuweza kugeuza shingo kutazama.

"Ameandika?" aliuliza.

Coleta alishika njia ya Malangali na kuku mkononi, akiomba kwa moyo zaidi kuliko alivyoomba kwenye rozari, kwamba mfupa umkwame Clemens kooni.