Finjani Iliyowekwa Chini

1.

TANGAZO
(limesomwa sokoni Khor Dabsa, mara mbili, kwa Kiarabu kibovu)

Kutoka kwa Kapteni wa manowari ya Malkia wa Waingereza, iliyotia nanga mbele ya mji huu. Sheikh Thuweini bin Jabr anaarifiwa kwamba mkataba wa ulinzi uko tayari na unangoja muhuri wake. Ukigongwa muhuri kabla ya alasiri ya kesho, bandari italindwa. Usipogongwa, manowari itaondoka kwenda Bombay pamoja na kijana Sanad, mpwa wa Sheikh, aliyewekwa rehani kwa hiari ya jamaa zake.

2.

Kwa hiari.

Ya nani?

3.

TANGAZO JINGINE
(limebandikwa juu ya lile la kwanza, gundi bado mbichi)

Kutoka kwa Bimbashi Arif, mkuu wa askari wa Sultani wa Istanbul, waliopiga kambi kwenye visima nje ya mji. Sheikh Thuweini anakumbushwa kwamba yeye ni raia wa Dola Tukufu: alikuwa, yupo, na atakuwa. Atakayegonga muhuri kwenye karatasi ya wageni ni mwasi. Mji wa waasi hauna haki ya maji ya Dola.

4.

Sauti za sokoni:

"Kwa hiyo tuchague, tufe kwa mzinga au tufe kwa kiu."

"Mzinga ni wa haraka."

"Haraka ya nini, babu wee, na umri huo?"

"Na Mfaransa mbona haonekani? Yeye hajatupenda?"

"Nyamaza, asije akasikia!"

Wakacheka. Kisha mmoja akatazama baharini, na wengine wakaacha kucheka.

5.

Ghaya binti Jabr alimkuta mdogo wake Sheikh Thuweini darini, anaitazama manowari. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini shanga hazisogei.

"Gonga muhuri," alimwambia.

"Nikigonga, visima je, dada?"

"Uliponiomba Sanad ulisema ni miezi michache. Ulisema wa kwako bado ananyonya."

"Alikuwa ananyonya kweli."

"Sasa anapanda farasi."

Thuweini alizungusha tasbihi. Tangu utotoni, akikosa jibu, hutafuta kitu cha kushika. "Kesho nimewaita wote wawili barazani. Nitawasikiliza pamoja. Nitapata muda."

"Muda wa nani?"

Kule baharini kengele ya meli iligonga, na Ghaya akajiuliza kama kuna mtu anayemwamsha mwanawe kwa kengele ile, na kama Sanad bado anaamka kwa shida, na kama

6.

Wewe unayesoma, sogea. Kabla hatujaingia barazani kuna jambo lazima ulijue, la sivyo utadhani watu wamekaa tu wanakunywa kahawa.

Katika nyumba za watu wale, mgeni mwenye haja hainywi finjani yake ya kwanza. Huiweka chini mbele yake, akanyamaza. Mwenye nyumba akiiona, humwambia: "Kunywa." Neno hilo moja maana yake haja imekubaliwa, hata kabla haijatamkwa. Asipolisema, mgeni huondoka na kiu yake, na nyumba hiyo husemwa mpaka wajukuu.

Na mgeni akishakunywa bila kuomba, basi kanywa. Alikuja kutembea. Haja yake airudishe siku nyingine.

Sasa ingia. Vua viatu.

7.

Ghaya alikaa nyuma ya pazia la makuti yaliyosukwa, macho kwenye tundu.

Kapteni Harlow alikuwa kulia kwa Sheikh, uso mwekundu kwa joto, shingo imebanwa na vifungo. Feruzi, mpika kahawa, alimmiminia. Kapteni akaimaliza kwa mkupuo mmoja, akainyoosha finjani kuomba nyingine.

Wazee wa baraza wakatazamana.

"Anasema kahawa yenu ni nzuri sana," akasema mkalimani, mtu wa Bushehr mwenye sauti ya mafua. "Anasema sasa tuuzungumze mkataba."

"Mwambie kanywa," akasema mzee mmoja.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kanywa."

"Mzee wangu, hilo analijua. Kinywa ni chake."

Mzee mwingine akaficha kicheko ndani ya kilemba. Ghaya hakucheka. Mtu aliyeishika roho ya mwanawe alikuwa ameitupa haja yake mwenyewe, tena anajifuta masharubu.

Feruzi akahamia kushoto. Bimbashi Arif alivaa sare ya Istanbul, lakini alizaliwa Basra na kulelewa na bibi wa jangwani. Aliipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaitazama.

Akaiweka

chini.

8.

FERUZI, MPIKA KAHAWA, ANASEMA:

Mimi nilitolewa Kilwa nikiwa mtoto, nimekulia kwenye moshi wa dele hili la kahawa. Nimeona watu wakiomba hapa wake, ngamia, damu ya wauaji. Sijapata kumwona Sheikh akiombwa mji mzima. Nilisimama mbele yake kama mti, maana mpika kahawa haondoki finjani ikiwa chini. Nikamwomba Mungu mtu yeyote apige chafya.

9.

Ghaya alimjua mdogo wake. Thuweini hawezi kuvumilia kimya. Kidogo tu, atamwambia Bimbashi, "Kunywa." Akishasema, bendera ya Sultani itapanda, muhuri hautagongwa, na alasiri nanga itavutwa.

Aliinuka.

10.

Mambo ambayo binti Jabr hajawahi kuyafanya:

kutoka mlango wa uani mchana bila mtumishi;
kukimbia;
kuzunguka ukuta wa nyumba ya baba yake jua likiwa utosini, walinzi wakimwita, "Bi mkubwa, Bi mkubwa, unakwenda wapi?";
kubisha hodi kwenye lango kuu kama mtu asiye na kwao

11.

"Hodi wenye nyumba! Mgeni!"

Barakoa usoni, vumbi mpaka magotini. Aliwapita wazee, akakaa jamvini mbele ya Sheikh.

"Dada," akanong'ona Thuweini, "rudi ndani."

"Mimi leo nimeingia kwa lango. Feruzi, mgeni hapewi kahawa siku hizi?"

Feruzi akamtazama Sheikh. Sheikh akatazama dari. Feruzi akamimina.

Ghaya akaiweka chini.

"Yangu ilitangulia," akasema Bimbashi, taratibu.

"Ilitangulia," akajibu Ghaya. "Lakini hajakwambia unywe."

"Wanazungumza nini?" Kapteni alimuuliza mkalimani.

"Kahawa, bwana."

Thuweini alitafuta kitu cha kushika. Tasbihi aliiacha darini. Mikono yake ilipapasa kanzu, ikapapasa jamvi, ikatulia.

"Kunywa, dada."

"Hujaisikia haja yake!" Bimbashi alisimama.

"Hata yako sijaisikia."

Bimbashi akaiokota finjani yake, akaimwaga kahawa yote mchangani nje ya kizingiti, mahali ambapo kila mtu angeiona, akaita farasi.

Ghaya alikunywa. Ilikuwa chungu, imepoa. "Nataka mwanangu," alisema. "Sitaki kingine."

Thuweini aligonga muhuri kwenye karatasi ya Kapteni, na Kapteni akampongeza kwa busara zake, bila kujua hata kidogo alichokuwa amepewa, wala kwa sababu gani.

12.

TANGAZO LA TATU

Mkataba umegongwa muhuri. Kijana aliyewekwa rehani ataletwa pwani leo kwa mashua ya manowari, endapo mwenyewe ataridhia kuja.

13.

Endapo.

14.

Sauti za kisimani, zimeletwa na mtu aliyekuja mbio:

"Askari wa Bimbashi wanatumbukiza mawe."

"Kisima kipi?"

"Vyote."

15.

Ghaya alisimama pwani. Wanawake wa mji walisimama nyuma yake, viriba vitupu mabegani. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umempata wako," mmoja akasema hatimaye. "Hawa wetu wanywe nini, Bi mkubwa?"

Aligeuka. Alimtambua: Shamma, mke wa mshona matanga, na mtoto mgongoni, amelala, midomo wazi.

"Sijui," alisema. Lilikuwa jibu la kweli, wala hakulipamba.

"Basi utatuambia ukijua."

Mashua iliteremshwa. Ilikuja polepole, makasia yakipanda na kushuka pamoja. Ghaya alikinga jua kwa kiganja, akamtafuta aliyefunga kilemba.

Hapakuwa na kilemba. Watu wote mle walivaa kofia za kizungu, nyeupe, pana, na nyuso zao zilikuwa gizani chini ya ukingo wa kofia. Mmoja alikuwa mwembamba. Wawili walikuwa wembamba. Kwa umbali huo, hata mama hawezi

"Yumo?" akauliza Shamma.

Ghaya aliingia majini na viatu vyake. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni, nguo ikawa nzito. Akaliita jina la Sanad, si kwa kilio, bali kwa ile sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Makasia yakasimama hewani.

Kofia zikageuka.

Zote, na bado hakumjua wake.