Mbuzi wa Kisiwa cha Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya mlango wa hema, kulikuwa na kinyesi cha mbuzi.

Mchora ramani alikitazama kwanza, kisha akakigusa kwa kijiti. Kilikuwa kibichi. Mfuko wa mkate, ambao jana jioni aliuning'iniza kwenye ncha ya kayaki, mtumbwi wake mwembamba, ulikuwa umechanika na kubaki nusu. Nusu nyingine na mkate wenyewe havikuonekana. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alivaa viatu, akakizunguka kisiwa chote, na kabla jasho halijamtoka akajikuta amerudi hemani. Aliona mawe, mchanga na vichaka vya kufika magotini. Hapakuwa na mahali pa kumficha kuku, sembuse mbuzi.

Hilo lilikuwa jambo la pili asiloelewa. La kwanza lilikuwa maji ya kunywa.

Alikuwa akisafiri peke yake, akipiga kafi maji yakijaa ili kayaki isikwaruze miamba, na yakipwa akipumzika. Kayaki isingebeba maji ya safari nzima. Kwa hiyo mdogo wake, fundi wa injini za boti, alitangulia wiki iliyopita akamwachia dumu kwenye kisiwa cha tatu kutoka kusini. Jana jioni mchora ramani alihesabu kimoja, viwili, akatua cha tatu. Dumu hakuliona. Halafu ramani ilionyesha visiwa vitano, na macho yake yaliona sita.

Ramani yenyewe aliichora yeye. Aliichora ghorofa ya pili, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, akifuatisha picha za angani huku amekalia kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Milimita kwa sababu aligombana na watu kwa makosa yasiyoonekana kwa macho, alimwambia mbele ya ofisi nzima, "Dada, hivi visiwa unavijua kwa ncha ya kalamu tu. Ukienda, vitakukana." Watu walicheka. Wiki hiyo hiyo aliomba likizo.

Aliwasha redio ya mkono, akamwita mdogo wake. Taa yake ya betri ilikuwa nyekundu.

"Dumu liko wapi?"

"Shikamoo kwanza, dada."

"Marahaba. Dumu liko wapi?"

"Kisiwa cha tatu, pale pale ulipoweka kidole mwenyewe kwenye ramani. Nimelifunga kwenye mti ulioanguka, mbuzi wasiliburute."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa kawaida. Wana pembe, wana ndevu. Kuna mtu anawafuga huko."

"Hapa hakuna mbuzi. Kuna kinyesi tu."

"Dada, leo umekunywa maji?"

"Usinifanye mgonjwa. Mti huo uko upande gani?"

"Ndiyo nakwambia, uko kisiwa kingine! Umechora mwenyewe halafu unapotea? Milimita akisikia, itabidi tuhame mji. Kaa hapo hapo, nawasha boti, jioni nita—"

Taa nyekundu ikazimika.

Chupani yalibaki mafunda manne. Jua lilishaanza kuuma shingo, na jioni ilikuwa mbali. Alijaribu kupanga anachokijua. Kama kisiwa kimoja kati ya sita hakikuwa kwenye ramani, basi huenda hajafika; lakini kama mdogo wake alihesabu mwamba kuwa kisiwa, basi amepitiliza. Alizungusha ramani, akaigeuza juu chini, akarudia kuhesabu, akapata sita. Dira ilisema kaskazini ni kaskazini. Kila kitu kilikuwa sahihi, ila vyote pamoja havikukubaliana.

Mwishowe aliamini ramani yake kuliko hesabu za mdogo wake, akaamua kurudi kusini, kwenye kisiwa cha pili. Ilikuwa ni kupiga kafi asubuhi yote dhidi ya mkondo, na kama dumu haliko huko, hatakuwa na maji ya kurudia. Alilijua hilo. Alikunja hema, akafunga mizigo, akaisukuma kayaki mpaka ikaelea.

Alipohesabu vigingi vya hema, kimoja kilipungua. Alirudi kukitafuta, na alipokuwa ameinama akaona alama za kwato. Hapo awali alikuwa akitafuta mbuzi, wala hakuangalia chini. Kulikuwa na safu mbili mchangani, moja ikija hemani, nyingine ikirudi, na zote mbili ziliishia ncha ya kaskazini, kwenye mstari wa majani ya bahari.

Kwa hiyo mbuzi alitoka baharini, akala mkate, akarudi baharini.

Mchora ramani alikaa chini. Ng'ambo ya mkondo, umbali wa uwanja mmoja wa mpira, kilikuwapo kile alichokihesabu kuwa kisiwa cha nne. Mbuzi gani anaogelea gizani kwa ajili ya mkate? Akajiuliza mbuzi huyo angepitaje bila kuogelea. Hapo ndipo alipokumbuka kanuni ya ofisi yao, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Milimita: picha za angani hupigwa maji yakiwa yamepwa kabisa, na ardhi inayoungana kwenye picha huchorwa kuwa kisiwa kimoja. Na yeye safari yote alikuwa akiviona visiwa maji yakiwa yamejaa.

Hakufurahi. Ilikuwa dhana tu, na dhana hainyweki. Akaigeuza kayaki kuelekea kaskazini.

Katikati ya mkondo kayaki ilikwama. Alishuka kwa tahadhari, na maji yakamfika vifundoni. Alisimama pale, bahari kushoto na bahari kulia, mchanga mgumu chini ya miguu. Kisha akaivuta kayaki kwa kamba, akatembea mpaka ng'ambo.

Mbuzi walikuwa nyuma ya vichaka. Mmoja alikuwa akitafuna ile nusu ya mfuko, na hakujisumbua kukimbia. Nyuma yao kulikuwa na mti ulioanguka, na kwenye mti kulikuwa na dumu la njano lililofungwa kwa kamba ya kuwashia injini. Mchora ramani aligeuka, akavihesabu visiwa tena. Mchanga ulikuwa umeanza kuchomoza mkondoni. Vilikuwa vitano.

Alifungua kifuniko, akanywa.