Posa ya Mithika

Alhamisi hiyo, saa kumi za jioni, Kiende alikuwa kibarazani kwake nje kidogo ya mji wa Maua, akichambua maharagwe ya githeri. Mumewe Mithika alikaa kando yake, na kwa mara ya tatu akamwuliza, "Mama, wewe ni wa hapa?"

"Ni wa hapa, Baba Karwirwa."

Daktari alikwisha kusema: miaka thelathini ya pombe imeula ubongo. Asilolisema ni kwamba yaliyomtoka Mithika kichwani hayakupotea. Yalikuja nyumbani kwa miguu. Aliposahau mbwa wao wa zamani, mbwa alirudi, akala ugali siku mbili, akaenda zake. Aliposahau mazishi ya mama yake, waombolezaji walijaa uani, na Kiende akawachemshia chai watu arobaini. Sukari ya mwezi mzima iliishia hapo.

Sasa aliyeingia langoni alikuwa Mithika mwenyewe, wa miaka ishirini na mitatu, shati jeupe limepigwa pasi, amebeba ncoolo, kile kifungu cha miraa teule ambacho kijana hupeleka kwao msichana anapoposa. Kiende alikuwa amemkosa mtu huyu miaka mingi, ingawa walilala kitanda kimoja.

"Hodi, mama," kijana alisema. Hakumtambua. "Kiende yuko?"

Kiende alificha mikono yake yenye makunyanzi chini ya leso. "Ametoka kidogo. Keti umngoje. Unakunywa pombe?"

"Sijawahi kuionja."

"Basi usiionje. Keti tu hapa."

Kijana akaketi. Kiende akampa chai, akamtazama anavyoinywa, akaomba kimoyomoyo huyo Kiende anayengojwa asifike mapema.

Mzee Mithika naye alimpenda mgeni. Ukarimu ndio pekee uliokuwa haujamtoka. "Kijana, utangojaje msichana na koo kavu?" akasema, akiinuka. "Twende hapo sokoni nikununulie moja. Moja tu."

"Usiende," Kiende alisema.

"Sasa mama, mzee akiniita nitakataaje?" Kijana akamkabidhi ncoolo kwa mikono miwili. "Mpe baba yake Kiende. Mwambie narudi sasa hivi."

Wakateremka pamoja, kijana amemshika mzee mkono asianguke. Baba yake Kiende alikuwa amekufa zamani. Kwa hiyo Kiende alikifungua kifungu mwenyewe, akachagua kijiti kimoja na kukitafuna taratibu, maana ndivyo posa hukubaliwa.