Bei ya Mwaka wa Sitini na Sita

Valérie alikuwa na tabia moja ambayo Huguette, mshirika wake wa duka, alikuwa ameikemea mpaka akachoka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua geti la duka lao pale katikati ya Durban, alikusanya picha zote zilizoingia kwenye simu ya duka jana yake, akazirusha kwenye stetasi ya WhatsApp kwa mpigo mmoja bila kuzitazama. Simu za mkono wa pili, chaja, wigi za Huguette, vyote vilipanda pamoja, na jina la duka chini yake. Bei ziliandikwa kwa mtindo wao wa pale mtaani: sifuri mbili za mwisho zinaachwa, ili mpita njia asijue dukani mna mali ya kiasi gani. Ukiona R15, ongeza mwenyewe, ni fifteen hundred. Wateja wao, Warundi na Wakongo, walijua.

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, jumbe zikaanza kuingia. "Iko bado?" "Iko bado, mama?" Valérie alikuwa anambadilishia mtu kioo cha simu, akajibu kwa kidole gumba kama anavyojibu siku zote: Iko, karibu. Akamjibu wa pili, wa tatu, wa nne. Alifurahi hata. Tangu watu wa maandamano wapite pale wakiimba kwamba wageni warudi kwao, biashara ilikuwa imelala fofofo.

Wa tano aliandika hivi: "Na risasi zake je?"

Valérie akaweka bisibisi chini. Akafungua stetasi yake mwenyewe, akapitisha chaja, akapitisha wigi, na hapo ikatokea bunduki nyeusi, ndefu, ya sura ya kijeshi. Pembeni yake: R149. Chini yake, jina la duka lake na namba yake.

Akakaa kwenye ndoo.

Alijua ilikotoka. Jana yake Mzee Moodley wa Greyville, Mhindi wa miaka themanini na kitu, mpole, alileta karatasi zilizochakaa za kunakiliwa. Ujana wake alikuwa mtunza stoo kwenye duka la bunduki lililokwisha kufa zamani, na sasa alikuwa anaandika kumbukumbu zake. Karatasi moja, yenye picha ya bunduki, ilikuwa orodha ya bei ya mwaka wa sitini na sita. Mzee akamweleza kwa raha zake, kama mtu anayesimulia mpira: hizi zilikuwa ndugu wa bunduki za jeshi, ila zimepunguzwa makali, risasi moja kwa kila ukivuta, zikauzwa kwa raia, wakulima na wawindaji. Mwanzoni hazikuuzika. Mkulima alitaka bunduki yenye kitako cha mti, akiiona hii anacheka, anasema ni kama kifaa cha jikoni. One-forty-nine, bei ya friji, na bado ikakaa rafuni miezi. "Mimi ndiye nilikuwa nazifuta vumbi," mzee alisema, "na kwa rangi yangu wakati ule, kibali cha kununua hata moja nisingekiota." Valérie aliipiga picha karatasi kwa simu, kwa karibu, bunduki na bei tu, ili kuisafisha kabla ya kuichapa. Picha ikalala pamoja na chaja.

Sasa mtu wa pale mtaani akiona R149 atasoma nini? Atasoma fourteen nine, elfu kumi na nne na mia tisa. Na hiyo, Mungu wangu, ni bei inayoingia akilini kabisa.

Akaifuta. Watu mia na themanini na sita walikuwa wameshaiona.

"Si nilikuambia?" Huguette alisema, kisha akamtazama usoni, akasogea karibu.

"Jumatatu nina miadi ya kurefusha karatasi zangu za ukimbizi," Valérie alisema. "Polisi wakija leo nitawaambia nini? Nimewajibu watu wanne iko, karibu. Kwa mkono wangu, Huguette. Watanifunga, na Ineza watamrudisha Bujumbura na nani?"

Ineza ni binti yake, ana miaka sita. Na baba yake Ineza, Libère, analinda magari kwenye maegesho upande wa Greyville. Kusema kweli, huyo Valérie alimwogopea kuliko polisi. Libère alitoka Burundi baada ya kaka yake kupigwa risasi barabarani mbele ya macho yake. Mwanamume huyu pikipiki ikitoa mshindo anainama. Siku ya kuzaliwa kwa Ineza mtu alimletea mtoto bastola ya maji, ya plastiki, ya rangi ya waridi; Libère aliichukua, akaenda kuitupa kwenye pipa la jengo la jirani, si la kwao. Leo atakuta nini kwenye simu yake?

Valérie akaanza kuwaandikia wote: haiko, ni karatasi ya zamani, nimekosea. Nani atamwamini? Mmoja akajibu, "Sawa, imeuzwa. Ameichukua nani?" Hapo akaona amezidi kuharibu, maana sasa mtaa mzima ungemtafuta mwenye nayo.

Saa sita simu ikalia, namba asiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya chini: "Mama, niko ng'ambo, karibu na robot. Wateja wakitoka, miye naingia."

Wakachungulia. Kweli, kulikuwa na mtu amesimama pale, kofia hadi kwenye nyusi, barakoa usoni. Robot, zile taa za barabarani, iliwaka kijani mara tatu na hakuvuka. Huguette alikata moto wa pasi ya nywele, kisha akauwasha tena, akaishika mkononi. Mteja wa mwisho akatoka. Yule mtu akavuka, akaingia, akarudisha geti nyuma yake.

Akavua barakoa. Alikuwa Shemasi Séverin, kinyozi, anayekusanya sadaka kanisani kwao kila Jumapili.

"Papa Séverin," Valérie alisema.

"Usinitazame hivyo, dada. Wiki jana walikuja saluni yangu, watu kumi na mbili. Wakasema wakirudi wanikute nimefunga, la sivyo wananichoma nayo. Polisi niliwaita, hawakuja. Fourteen nine niko nayo. Nipe hiyo kitu niende."

Valérie akamwonyesha karatasi yenyewe, manjano, mwaka wake juu. Shemasi akaisoma kwa kidole. Akaisoma tena.

"Njo yote?"

"Njo yote, Papa. Hakuna kitu."

Akavaa barakoa yake polepole. "Pasteri asijue," alisema, na akaenda zake.

Mchana wote jumbe ziliendelea kuingia, na sasa Valérie alikuwa anatazama majina. Hakuna jambazi hata mmoja. Mama wa kwaya. Muuza viazi. Fundi viatu anayenena kwa lugha kanisani. Watu wake, wote wanaogopa, na yeye asubuhi amewaambia karibu. Hofu aliyokuwa nayo ya polisi haikuondoka, ila ilipata wenzake.

Saa kumi Libère akaingia, na sare yake ya kazi, na mfuko mkubwa wa mchele umekunjwa kwapani. Hakusalimia. Akafunga geti mwenyewe, akatazama rafu, akatazama chini ya meza.

"Stetasi umeifuta," alisema.

"Baba Ineza, nisikilize kwanza. Ni kosa langu, usikasirike. Ni karatasi ya mzee mmoja, ni bei ya mwaka wa sitini na sita..." Akampa.

Libère akasoma hadi mwisho, hata bei za risasi. Kisha akakaa kwenye ile ndoo.

"Kwa hiyo haiko."

"Haiko. Haikuwepo hata."

Huguette akajifanya anafagia.

"Jana wale wa maandamano waligonga kwetu," Libère alisema. "Ulikuwa umetoka na mtoto. Sikukuambia." Akaufungua ule mfuko. Ndani yake mlikuwa na blanketi la Ineza, lile lenye sungura. "Nilileta hili la kuifungia, isionekane ndani ya taxi."

Valérie akalichukua. Akalikung'uta, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye mkoba wake, kwa sababu Ineza bila blanketi lile halali.