Panya Aliyemtazama Shangazi

Maji ya bwawa dogo la maabara yalikuwa meupe kama usingizi. Yalitiwa maziwa ya unga ili panya asione kibao kilichozama humo upande wa sinki, mahali pekee pa kupumzisha miguu. Shangazi, mtunza panya wa maabara, alisimama kwenye kona yake karibu na sinki. Wote walimwita Shangazi, hata Dokta, mwenye vyeti vya kutosha kuezekea nyumba.

Leo akili ya Shangazi ilikuwa nyumbani. Jioni kaka yake angekuja kumchukua baba yao. Kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka mzee, ndiyo wakakubaliana kupokezana: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Lakini kila akihamishwa, mzee alizidi kupotea. Shangazi alitaka kumzuia kaka yake, ila hakujua aanzie wapi.

"Kichwani kuna wajumbe wengi wa kumbukumbu," Dokta alisema, amemshika panya waliyemwita Kibonge. "Leo tunao wawili, kemikali ziitwazo asetilikolini na serotonini. Ukimziba mmoja, mwenzake anajikaza, panya anafika kibaoni. Huyu nimemzibia wote wawili kwa sindano. Atazunguka tu."

"Kama mume wangu nikimtuma sokoni."

Kibonge akateremshwa majini. Akaelea kidogo, masharubu yakimtetemeka, kama mtu aliyeamkia nyumba isiyo yake. Kisha akageuka taratibu, akakata maji moja kwa moja, akapanda kibaoni na kujikung'uta.

Dokta akamtoa haraka. Akamrudisha majini. Kibonge akafika tena.

"Shangazi, hebu sogea pale mlangoni."

Akasogea. Safari hii Kibonge aliinua kichwa, akamtafuta kwa macho, akaogelea kuelekea mlangoni, ambako hakukuwa na kibao.

"Anakufuata wewe," Dokta akasema polepole. "Siku zote unasimama kona ileile, na mimi sikuliona hilo. Jaribio limekufa, Shangazi yangu."

"Pole, Dokta. Kwa hiyo njia haikumbuki?"

"Hata kidogo. Anachojua ni kwamba ukiwa pale, na yeye aje huko."

Shangazi alimfuta Kibonge kwa taulo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni kaka alikuta mlango wazi, dada yake amesimama katikati yake.

"Mfuko wa mzee uko wapi?"

"Mzee haendi."

"Dada, si tulipanga zamu?"

"Zamu zipo palepale. Tutahama sisi, yeye atulie."

"Mimi na kitambi hiki nije kulala kwenye kochi lako?"

"Kochi limezoea wageni wakubwa kuliko wewe."

Ndani, mzee aliita, "Nani yuko hapo?"

"Mimi, baba."

Akatoka chumbani, kiganja kikipapasa ukuta, akapita jikoni, akakata kona bila kuuliza, mpaka akafika mlangoni akamshika binti yake mkono. Jina hakulitaja.

Kaka alimwangalia baba yao. Akavua viatu.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nisimame wapi?"