Chakula cha Karani

Ngozi ya kuku aliiweka kwenye sahani ya mumewe, mafuta yaliyoelea juu ya supu akayaengua kwa kijiko, kisha akaichambua nyama nyeupe kwa vidole mpaka hakikubaki kipande kikubwa kuliko ukucha. Wali ulikuwa tayari. Aliupika kwa maji mengi hadi punje zikapasuka. Boga alilipondaponda kwa mwiko. Chumvi hakutia, wala kitunguu, wala tone la mafuta.

"Huyo mwanamume wako wa pili anaendeleaje?" aliuliza mumewe. Alikuwa fundi viatu, na kabla ya kwenda kufungua kibanda chake lazima amchokoze mtu.

"Nitajua nikifika. Leo ndio daktari anakuja."

"Mimi ngozi, yeye kidari. Haya. Akipona tu, aje anipe shukrani yangu."

Siku nyingine angemjibu. Leo alifunga kontena, akalifungua tena kuhakikisha hajasahau boga, akalifunga, akalitia mkobani, akatoka chai ikiwa nusu kikombe.

Alikuwa mlinzi wa maghala, mmoja wa walinzi wanane waliopewa mbwa. Wa kwake kwenye makaratasi aliitwa Namba Saba, lakini kila mtu alimwita Karani, kwa sababu hapiti mtu mbele yake bila kunuswa mkoba, mifuko na makaratasi yote aliyoshika. Na kwa kuwa kuitwa mama si lazima uzae, wenzake walimwita yeye Mama Karani, ingawa nyumbani ana mabinti wawili wenye majina yao.

Shida ilianza wiki tatu nyuma, kampuni ilipobadili chakula cha mbwa. Kile cha zamani kilikuja kwenye magunia ya buluu yenye maandishi. Kipya kilikuja kwenye magunia meupe, hakuna maandishi, kuna muhuri wa tarehe tu, na ukikivunja mkononi kinatoka unga kama pumba. Siku mbili za kwanza mbwa wote waliharisha. Sita wakazoea. Karani hakuzoea, wala jike wa banda la nne, ambaye mlinzi wake ni mtu wa makamo waliyempa jina la Kimya, maana salamu yake ni kuinua nyusi.

Karani alikuwa akila, nusu saa baadaye analia kwa sauti nyembamba, anakunja mgongo, yanatoka maji. Kisha yakaanza kutoka maji yenye ute. Mbavu zikahesabika. Kila mtu akawa tabibu. Mmoja alisema maziwa. Akampa maziwa, ikawa balaa. Mwingine alisema yai bichi, mwingine makaa yaliyosagwa. Mwisho Mama Karani alimvizia daktari wa mifugo kwenye kona ya ghala.

"Mama, mimi nimeitwa kupima na kuchoma sindano," daktari alisema. "Sikuitwa kupika." Halafu akatazama nyuma yake, akapunguza sauti. "Tumbo lake limechoka. Lipumzishe. Wali laini, kuku bila ngozi wala mafuta, boga kidogo. Umpe kidogo kidogo, mara nyingi, usimjaze. Maziwa hapana, mifupa hapana. Akitulia ndio umrudishie chakula kikavu, konzi moja moja ukichanganya, wiki nzima. Na kiwe chakula, sio hii takataka."

"Niandikie basi, daktari."

"Nikiandika nitaulizwa nani kanituma."

Kumlisha mbwa wa kampuni chakula cha nje lilikuwa kosa, na kosa lenyewe lilibandikwa ukutani: leo wali, kesho mwizi anakuja na nyama ya sumu. Kwa siku tisa Mama Karani alipitisha kontena getini akisema ni chakula chake cha mchana. Alimpa Karani nyuma ya tangi la maji, mafungu matatu kwa zamu, na kile cha gunia jeupe akakimwaga kwenye mfereji. Mwenyewe alishindia chai ya rangi. Siku ya nne kinyesi kilitoka na umbo. Alisimama akakitazama kwa furaha ambayo asingeweza kumsimulia mtu mwenye akili zake.

Leo ulikuwa ukaguzi wa tatu. Mbwa akishindwa mara tatu "anaondolewa kwenye orodha". Hivyo ndivyo fomu ilivyosema. Walinzi walisema sindano ya kuua.

Getini alikuta karatasi mpya imebandikwa, gundi bado mbichi.

"Dada, leo hakuna kuingiza chakula," alisema mpekuzi, kijana aliyeajiriwa pamoja naye mwezi mmoja. "Wote mnakula kantini."

"Mimi nina vidonda vya tumbo. Siwezi vya kantini."

"Una cheti cha daktari?"

Nusura acheke. "Kaka, nifumbie jicho. Leo tu."

"Kuna kamera hapo juu, dada. Wataniona mimi sio wewe." Alilichukua kontena kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto wa watu, akaliweka rafuni na mengine. "Utalikuta ukitoka. Sitaligusa."

Alikwenda mabandani karibu akikimbia. Saa moja na dakika kumi. Daktari angefika saa nne. Karani alikuwa amesimama mlangoni, mkia unapiga wavu, pua inatafuta mkoba. Aliunusa wote, akamtazama usoni.

"Sina," alimwambia. "Wamelichukua."

Mtunza stoo alikuwa tayari anakuja na toroli lenye mabakuli manane yaliyojaa. Kwa kawaida aliyaacha sakafuni akaenda zake. Leo alikuwa na daftari.

"Msimamizi kasema wote wale, na nione kwa macho yangu. Daktari akija akute chakula kipya tumboni."

Bakuli liliwekwa mbele ya Karani. Kwa siku tisa tumbo lile halijaonja gunia jeupe. Akila sasa, kabla ya saa tatu atakuwa amekunja mgongo. Mama Karani aliona mate yanaanza kudondoka kwenye sementi. Karani hakuinama. Alifundishwa asiguse chakula mpaka aambiwe, na mwenye kumwambia ni mmoja.

"Mwambie ale," alisema mtunza stoo.

"Bado."

"Bado nini? Nina mabanda mengine saba."

"Ana joto la kukimbia. Akila sasa atatapika."

"Amekimbia saa ngapi, na mlango umefungwa?" Mtunza stoo aliinama, akapiga ukingo wa bakuli kwa kalamu. "Kula! We, kula!"

Karani alimtazama Mama Karani. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa unatetemeka.

"Hakujui," alisema Mama Karani.

"Mimi ndiye ninayemletea chakula kila siku!"

"Ndiyo. Lakini hakujui."

Mtunza stoo aliangalia saa, akaangalia toroli, akaandika kitu daftarini kwa hasira, akasukuma toroli kwenda banda la nane. Alipogeuka tu, Mama Karani alimwaga bakuli mferejini akalifuata na ndoo ya maji.

Saa tatu kasorobo mpaka saa nne hakukaa chini. Alimtoa Karani, akamzungusha uani, akamrudisha, akamtoa tena. Mbwa alikuwa na njaa, anazunguka, analamba sementi, anakwenda mlangoni anarudi. Naye alifanya vilevile. Banda la nne jike alikuwa amelala ubavu, kifua kinapanda na kushuka haraka. Alikuwa amekula. Kimya alikuwa amechuchumaa na kitambaa, anapangusa sakafu, anakamua, anapangusa tena.

Daktari alifika saa nne na robo pamoja na msimamizi wa kituo. Alimpima Karani joto, akamminya tumbo, akamfunua ufizi, akampandisha kwenye mizani. Akatazama kilichokuwa kwenye kona ya uwanja, cha asubuhi, kigumu.

"Kaongeza kilo moja na nusu," alisema. Hakumwangalia Mama Karani.

Msimamizi alipiga makofi mawili. "Nilisema mimi! Watu wanalalamika, chakula hiki, chakula hiki. Chakula hakina neno. Namba Saba ndiye alikuwa mbovu kuliko wote, tazama sasa." Alitoa fomu kwenye bahasha. Ilikuwa imeshachapwa. Mama Karani aliisoma akiwa amesimama: Namba Saba amelishwa chakula kipya kwa siku ishirini na moja. Hali yake imeimarika. Chakula kinafaa kwa vituo vyote. Chini pana nafasi ya saini ya mlinzi.

"Na Namba Nne?" aliuliza daktari.

"Huyo tatizo ni lake mwenyewe. Kama mwenzake kakubali chakula, yeye ana nini? Mwondoe leoleo, tusirudi tena kwa kazi moja."

Kimya alisimama mlangoni mwa banda la nne na kitambaa chake. Aliinua nyusi, zikabaki juu.

Mama Karani alishika kalamu. Saini ilikuwa jambo la sekunde mbili. Karani angebaki, yeye angebaki na Karani, na kontena angelitafutia njia nyingine. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Kisha akaiinua, akaipeleka juu, akakata maneno "chakula kipya" kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa mwandiko wa shule ya msingi, akaandika: Siku tisa za mwisho wali laini, kuku bila ngozi, boga. Kutoka kwa mlinzi. Cha kampuni kilimwagwa. Ndipo akatia saini.

Msimamizi aliisoma mara mbili. "Unajua umejiandikia nini hapa?"

"Najua."

"Umemfundisha mbwa wa kampuni kula vya nje. Mwizi akija na nyama?"

"Mwizi akija, Karani hali mpaka nimwambie. Muulize mtunza stoo."

Mtunza stoo aliangalia viatu vyake. "Ni kweli, bosi. Leo kanigomea."

Daktari alinyoosha mkono akaichukua fomu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Akatia saini yake chini ya ile ya Mama Karani.

"Hiki ndicho nilichokikuta," alisema. "Na Namba Nne simchomi leo. Apewe siku kumi za chakula hiki kilichoandikwa."

"Stoo hakuna wali, daktari."

"Basi uwepo." Alilisema kwa sauti ndogo, akifunga begi lake.

Msimamizi aliikunja fomu mara nne. "Siku kumi, sawa. Lakini kampuni haimpikii mbwa." Akamgeukia Mama Karani. "Wewe utahamia geti la nyuma, bila mbwa. Kuanzia saa sita. Kesho asubuhi nataka barua ya kujieleza mezani. Namba Saba atashikwa na huyu wa banda la nne, atakuwa na wawili."

Hakumwaga machozi mbele yao. Alimvua Karani mkanda wake wa kazi, akamkuna nyuma ya masikio, akatoka akafunga komeo. Karani aliunusa ule mkono uliofunga, kupitia wavu, mpaka ulipoondoka.

Geti la nyuma lilikuwa na kiti kimoja cha plastiki na njia ya malori. Kila lori liliposimama alinyanyuka, akaandika namba, akaketi, akanyanyuka tena kabla lingine halijafika. Mkono wa kushoto haukujua pa kukaa. Akautia mfukoni, akautoa.

Saa nane alimwona Kimya anakuja kando ya ukuta, anatazama nyuma. Alisimama mbele yake. Miaka minne wamefanya kazi pamoja na hakumbuki kama aliwahi kuisikia sauti yake ikimaliza sentensi.

"Mimi nalala humuhumu, chumba cha walinzi," Kimya alisema. "Nina jiko. Wa getini kasema vitu vibichi havimo kwenye tangazo." Akakohoa. "Boga, unalimenya?"

"Unalimenya. Na mbegu unatoa."

"Maji ya wali?"

"Mengi. Vikombe vitano kwa kikombe kimoja. Uache mpaka uwe kama uji."

Kimya alikuwa anaandika kwenye kiganja, kwa kalamu ya buluu, herufi kubwa. Lori lilipiga honi nje. Mama Karani alilipungia mkono lisubiri.

"Kuku umchemshe kwanza peke yake," alisema. "Yale mafuta ya juu uyatoe yote, usiyaonee huruma. Andika."